Kijiti cha Nadhira

Kaeni chini wote, na wewe Sufiani usisimame mlangoni kama mtu anayengojwa na abiria, leo bajaji yako itakaa. Dija, fungua dirisha. Najua nanuka, wala msijifanye hamsikii harufu. Ugonjwa huu uko kwenye kizazi, umeanza kuniozesha ningali hai, na daktari alishasema hakuna cha kukata tena, basi tusidanganyane kwa ubani. Kitoe nje hicho chetezo, kinanikohoza.

Mwalimu Bilali, karibu. Shemeji Adamu, karibu. Mmekuja kwa sababu mwanangu amewafuata majumbani kwenu, nami nashukuru, maana ningewaita mwenyewe kama ningekuwa na miguu. Nyinyi ndio mashahidi. Nitasema kwanza kwa nini mmeitwa, asije mtu kesho akadai hakuelewa. Mke wa Sufiani, huyu Nadhira aliyejikunja pale chini karibu na kabati, ana kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Nilimpeleka mimi kuwekewa. Sufiani anataka kitoke. Amemwambia mkewe achague, kijiti au talaka, na mkewe mpaka leo hajafumbua mdomo, kwa hiyo Sufiani amekuja kwangu. Alikaa juzi kwenye ukingo wa kitanda hiki, akanishika mguu, akasema, "Mama, usiondoke na dhambi hiyo shingoni. Mwambie Nadhira akitoe, na umwambie mbele ya mashahidi kwamba asipokitoa hana radhi yako." Nikamwambia, haya, kawaite.

Neno hilo moja ndilo mnalolingoja, nami nitalisema, lakini nitalisema kwa mpango wangu. Mimi ndiye ninayekufa, kwa hiyo mimi ndiye ninayepanga.

Nianze na mali, kwa kuwa ndiyo itakayowagombanisha mkishanawa mikono ya kunizika. Nyumba hii niliachiwa na baba yangu, si na baba yenu. Baba yenu Mwishehe aliingia humu na sanduku moja la nguo, akatolewa humu ndani ya jeneza bila kuwa ameongeza hata tofali, na lile bati linalovuja pale ukumbini aliahidi kulibadilisha tangu Dija hajaota meno. Shemeji Adamu, usinitazame hivyo, alikuwa ndugu yako lakini niliyelala naye ni mimi. Nyumba mtagawana kama tulivyoamriwa, Sufiani mafungu mawili na Dija moja, hilo halina maneno. Cherehani nilishampa Dija nikiwa mzima, na friji pia ni yake, maana yeye ndiye aliyekuwa anaifuta. Madeni yangu Dija anayajua na wanaonidai wanamjua Dija, yalipwe kabla hamjagawana hata kijiko. Shamba la minazi la Kaole nitalifikia.

Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, na mtaa huu wasichana waliofika huko tulikuwa wa kuhesabika. Niliolewa matokeo hayajatoka. Nilizaa wanane, mkabaki watatu, na sasa mko wawili. Msifikiri nilizaa kwa kupenda watoto. Nilizaa kwa sababu niliolewa na hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kupumzika, na nilipoambiwa kuna vidonge vya majira, nesi wa wakati ule akataka nije na mume wangu, na Mwishehe akasema yeye hawezi kwenda kukaa benchi moja na wanawake wenye matumbo. Ikawa ndiyo basi. Wengine kati yenu sikuwataka kabla sijawaona, na wewe Sufiani ni mmoja wao. Nilipokuona nilikunyonyesha, maana ulikuwa umeshafika.

Umenuna. Nuna, ila usitoke, bado sijafika kwenye lenyewe.

Nataka kusema habari za Mize. Mwalimu, wewe ulihamia mtaa huu Mize ameshazikwa, kwa hiyo sikiliza vizuri. Mize alikuwa mkubwa wa hawa wawili. Aliolewa Fukayosi na Salumu, mkulima wa mananasi, mwanamume asiyepiga wala kulewa, nikaona amepata. Akazaa watoto watano kwa kufuatana kama shanga, wa mwisho wawili kwa kupasuliwa, na walipompasua mara ya pili daktari aliwaita yeye na mumewe akawaambia kizazi kimekuwa chembamba, kikibeba tena upesi kinaweza kumuua. Salumu akaitikia inshallah, akampakia mkewe na mtoto, wakarudi kijijini, na kabla mshono haujakauka vizuri alishakuwa anamdai haki yake. Mize hakubishana naye. Alikuja kwangu.

Zahanati ya kijijini kwao sindano ilikuwepo, lakini aliyekuwa anachoma alikuwa mke wa binamu yake Salumu, na Mize angechomwa asubuhi, adhuhuri ingekuwa inajadiliwa kisimani. Ndiyo maana akawa anakuja Bagamoyo kila miezi mitatu na kikapu cha mihogo, amekuja kumjulia hali mama yake. Anachomwa, analala, asubuhi anarudi. Mara nyingine alikuta dawa zimekwisha, anaambiwa apite wiki ijayo, basi mimi natuma salamu Fukayosi kwamba nimezidiwa, mwacheni mwenzenu aniuguze. Miaka ile niliugua sana kwa mtu mzima kiasi kile. Salumu alikuwa akinitumia nanasi la kunipa nguvu, nasi tulikaa jikoni na Mize tukilila, tukicheka mpaka tukapaliwa.

Sasa siku moja Sufiani alipeleka mjamzito kliniki kwa bajaji. Akamshusha. Akatupa jicho barazani, akamwona dada yake amekaa kwenye benchi la wanawake wa uzazi wa mpango, kadi mkononi. Hukumsalimia, Sufiani. Ungemsalimia angekwambia mwenyewe, maana alikuwa anakupenda kuliko mnavyostahili kupendwa nyinyi watoto wa kiume. Ulirudi kwenye bajaji yako, ukatoa simu, ukampigia Salumu.

Dija, mzibie mlango. Kaa, Sufiani. Kaa. Umewaita mashahidi mwenyewe, sasa watashuhudia.

Mize hakuja tena na mihogo. Salumu alimnyima nauli, akamnyang'anya na simu, na nilipomwona tena ilikuwa kwenye harusi ya jirani, tumbo limeshachomoza chini ya baibui. Akaniinamia sikioni akasema, "Mama, amenijua. Sijui kajuaje." Alikufa hajui kajuaje. Alikaa miezi ile yote akiwashuku wanawake wenzake mmoja mmoja, hata shoga yake wa tangu utoto Mize akaacha kumpa salamu, akamkosea bure, na huyo shoga alikuja kulia msibani kuliko mtu yeyote asijue kwa nini alinuniwa.

Damu ilianza kutoka wakati wa masika, njia ya Fukayosi imekatika, gari halipiti. Walimpakia kwenye bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, Salumu nyuma amemshika kama gunia. Mtoto alitokea njiani, mfu. Kufika hospitali Mize alikuwa mweupe viganja na midomo, akawekwa kwenye machela, nesi akamfunika. Nilimwosha mimi. Wenzangu walinikataza, wakasema mzazi hafai, atashindwa, nikawaambia nilimwosha alipozaliwa na nitamwosha leo. Damu haikutaka kukoma. Tulimziba pamba ikalowa, tukabadilisha ikalowa, mpaka mwosha mkuu akasema tumfunge hivyo hivyo, wanaume wanangoja nje. Na aliyeshuka kaburini kumpokea ni wewe, Sufiani, kwa mikono ile ile uliyoshikia simu, na watu walisema tazameni kaka anavyoumia.

Mimi nami sikujua, mpaka siku ya arobaini. Tumesoma hitma, watu wanakula, Salumu amekaa pale mkekani anapokaa Mwalimu sasa, na mimi nagawa pilau. Akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa shukrani, "Mama, Sufiani ni shemeji wa kweli. Bila yeye nisingejua mke wangu alikuwa anafuata nini Bagamoyo." Nikamwongezea pilau. Nikamchagulia na mfupa wenye nyama. Halafu nikaenda jikoni nikakaa na mwiko mapajani, wakaja kuniuliza naangalia nini, wali wa chini umeshaungua wote.

Mtataka kujua kwa nini nilinyamaza miaka yote hii. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakuhitaji, Sufiani. Baba yenu keshakufa, Dija yuko kwa mumewe, wewe ndiye uliyekuwa unaleta unga na mkaa na dawa zangu za presha. Mtu hawezi kumwambia anayemlisha kwamba amemzika dada yake, kama hana pengine pa kula. Leo sili tena. Tangu wiki iliyopita ni maji na kijiko cha uji, na hata uji unarudi. Kwa hiyo nasema.

Sikusema ulimuua. Mwalimu atatuambia siku yake ilikuwa imefika, nami nakubali. Nasema ulipiga simu.

Nipeni maji. Si wewe. Dija.

Nadhira. Mke wa Sufiani huyu alitoka Pangani, wazazi wake wamekufa, kwao nyumba imeuzwa, na Sufiani anajua hilo kila anapotamka talaka. Amezaa watoto watatu, wasichana watatu, wote kabla wa kwanza hajaanza shule. Wa tatu alimtoka pamoja na damu nyingi, wakamwongezea ya watu, nami nilikaa kwenye kiti cha korido nikiisikia ile pamba ya Mize ikilowa mikononi. Akarudishwa nyumbani. Siku zote za arobaini nilimkanda mimi, maji ya moto na majani, asubuhi na jioni, nikamfunga tumbo kwa kanga zangu. Nilichokuwa nakanda ni mifupa. Na mwanangu alikuwa anapita ukumbini akiuliza arobaini inaisha lini, na kwamba safari hii lazima apatikane dume la kubeba jina la babu yake.

Jina la babu yake. Mwishehe alikufa hajui watoto wake wanasoma darasa la ngapi. Kama jina hilo lina uzito wa kumbebesha mtu, libandike kwenye bajaji yako.

Arobaini ilipotoka, siku ya chanjo ya mtoto, nikamwambia Nadhira jifunge mtandio tuondoke. Mtoto akachomwa, kisha nikamvuta mpaka lile benchi la pili. Mwalimu Bilali, kama unadhani benchi lile linakaliwa na wahuni, nikwambie kwamba niliwakuta wake za watu wazito wa mji huu, wamejitanda mpaka puani, mmoja aliponiona akajifanya ameangusha ufunguo. Siwataji. Kunywa maji, Mwalimu, mbona unakohoa na chetezo kimeshatoka?

Nesi akauliza, mumewe yuko wapi, tunapenda waje wote wawili. Nikamjibu, "Mumewe ni mimi. Ninayeamka naye usiku ni mimi, ninayempikia uji ni mimi, ninayefua damu yake ni mimi. Endelea." Wanawake benchini wakacheka, nesi naye akacheka, akaendelea. Akamweleza vidonge, sindano, kitanzi, kijiti, ubaya wa kila kimoja na uzuri wake. Mimi nilinyamaza, hilo nataka mlisikie, nilinyamaza na Nadhira akachagua kwa mdomo wake. Aliuliza kitu kimoja tu, kama kinaonekana. Nesi akasema hakionekani, ila mtu akipapasa atakisikia. Basi Nadhira akalala miezi yote ile ubavu mmoja, mkono wa kushoto ameulalia, ganzi ikawa inampanda mpaka shingoni, asubuhi anashindwa kukuna nazi. Mpaka siku Sufiani alipomshika pale juu ya kiwiko akimvuta atoke jikoni, akakisikia.

Hakupiga kelele. Huyu hajawahi kupiga kelele, ndiyo tabia yake. Aliacha kula chakula cha mkewe, akaacha kumjibu, wanawe watatu akawa anawaita watoto wa chuma. Kijiweni wakamtania kwamba dume zima limezuiwa na kijiti cha kiberiti, akarudi na utani huo nyumbani kama kidonda. Halafu Ijumaa moja akamwambia Nadhira jiandae, nimekusamehe, nakupeleka ukapunge upepo. Akampakia. Alimpeleka kwa mtu mmoja muuza dawa barabarani, simtaji, aliyesema anaweza kukitoa. Nyuma ya pazia la duka, kwa wembe, ganzi ya kudanganyia, na Sufiani amemshika mkewe mabega. Yule mtu alichokoa kama anayetafuta mwiba wa samaki, hakukiona, damu ikamtisha, akawafukuza. Sufiani akarudi naye amemfunga kwa kitambaa cha kufutia kioo cha bajaji. Nilikuwa tayari siwezi kuamka. Nikauliza kuna nini, Sufiani akanijibu kutoka ukumbini, "Amejikata na bati la choo, mama." Nami nilikuwa namsikia Nadhira chumba cha pili, ameuma kanga ili watoto wasiamke.

Dija ndiye aliyempeleka hospitali kesho yake, mkono umevimba kama mguu. Wakamshona. Wakasema kijiti kimo, kiko ndani kidogo, na kinafanya kazi.

Nadhira, usipandishe mkono wa gauni, si vizuri Mwalimu aone mkono wa mke wa mtu. Mashahidi watosheke na maneno yangu. Kovu ni refu kama kidole changu cha kati, na limekaa vibaya, limepinda.

Haya. Sasa tunafika.

Mwalimu, nikuulize na unijibu kwa sauti. Mrithi hausiwi mali, sivyo? Ndiyo. Na asiyekuwa mrithi, naweza kumuusia mpaka theluthi? Ndiyo. Na mkwe wa kike si mrithi? Umemsikia Adamu, amesema si mrithi. Basi shuhudieni. Shamba la minazi la Kaole, ambalo halifikii theluthi ya nilicho nacho na Mwalimu atalipiga hesabu, namwachia Nadhira, yeye mwenyewe, pamoja na lile banda la mabati na kisima. Simpi kwa sharti la kukaa na mwanangu. Akiachwa leo jioni, ni lake. Akiolewa na mwingine, ni lake. Sufiani alimpa wa kuchagua viwili akijua kwamba mwenzake hana pa kulaza watoto. Sasa anapo.

Nadhira, usije kunibusu mkono. Sikupi kwa mapenzi. Wewe ni mvivu, sufuria zangu umezitoboa kwa kuzisahau jikoni, na miaka yote hii hujawahi kunijibu hata nikikuonea, nami sipendi mtu asiyejibu. Nimekupa kwa sababu nimeshazika mmoja. Minazi ile inaangushwa kila baada ya miezi mitatu, usimwamini mkwezi anayekwambia bado, na jirani wa upande wa bahari anasogeza mpaka kila masika, kamtukane mapema.

Dija, usikunje uso. Najua ulilitegemea shamba. Wewe una mume anayekusindikiza kliniki na kukubebea mtoto, tosheka.

Na nyinyi nyote mnaobaki, wasichana wa nyumba hii ni wengi, wa Sufiani watatu na wale wa Mize walioko Fukayosi kwa mama wa kambo. Watakapovunja ungo mtawatafutia somo, atawafundisha kupika, kujifukiza na kumpokea mume, vizuri. Lakini kabla hajaolewa yeyote, Dija, umpeleke akakae kwenye lile benchi, amsikilize nesi mpaka mwisho, ajue kila kitu kinaitwaje na kinafanya nini. Hilo usimwachie somo. Somo wangu mimi alinifundisha kuchezesha kiuno na hakunifundisha kingine.

Nimechoka. Ngojeni.

Nizikeni karibu na Mize, msinipeleke kwa Mwishehe, nimelala naye vya kutosha. Kanga zangu za zamani ndizo za kuoshea, mpya wagawane waosha. Asipikwe ng'ombe. Pikeni maharage, wanaokuja kwa nyama wabaki kwao. Sufiani utashuka kaburini, sina budi, wewe ndiye mwanamume pekee anayeruhusiwa kunishika. Ukinilaza, nilaze polepole, mgongo wote ni vidonda.

Sasa lile neno. Ulitaka nitaje radhi yangu mbele ya watu, Sufiani. Naitaja.

Kile kijiti ni cha Nadhira. Kikiisha muda wake ataweka kingine akitaka. Akitaka mtoto, atakwenda mwenyewe kwa nesi kukitoa, mchana, kwa miguu yake. Lakini siku utakayomtoa kijiti wewe, au utakayomlazimisha, au utakayompeleka tena nyuma ya pazia, au utakayomnyima chakula mpaka aende, siku hiyo huna radhi yangu. Huna duniani, huna kaburini. Unajua maana yake. Kila kitakachokuharibikia, gari, biashara, mtoto, ujue ni mimi. Sitakuwepo uje uniombe. Utakuja kulilia udongo, nao hautakujibu.

Adamu, umesikia. Mwalimu, umesikia. Mkiulizwa, msipunguze neno.

Dija, sogea. Radhi yangu unayo, mwanangu, yote, nenda nayo. Wanao wanayo. Nadhira, njoo upande huu, nipe mkono wa kulia, ule mwingine usiusumbue. Unayo. Mungu akupe... akupe afya, na ulimi. Wanao watatu wanayo. Wa Mize wote wanayo, mtawafikishia. Salumu... Salumu mwambieni nimemwachia Mungu wake.

Giza, au mmefunga dirisha? Liacheni.

Sufiani. Wewe yako ninayo hapa. Ipo. Nilikuzaa, siwezi kusema haipo. Nitakupa ukisema umekubali. Sema mbele yao. Neno moja tu.

Umesikia? Kusikia hata mbuzi anasikia. Sema umekubali.

Nangoja.

Sina muda mwingi, mwanangu, na nikilala kabla hujasema... itakuwa hivyo hivyo. Siwezi kurudi kukupa.

Mwalimu, mshike mkono, msogeze, simwoni vizuri. Huyu ndiye? Karibia. Karibia tena.

Usilie. Sikukwambia ulie. Nimekwambia useme.